Kilo za Mama Nilizozishangilia

Siku ile kwenye mizani ya kahawa, huku Kirua Vunjo, tulikuwa wanne: mama, mimi kifungua mimba wake, mdogo wangu Ndeshi, na Mzee Elia, karani wa mizani. Mkosaji nilikuwa mimi peke yangu.

Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Niliacha shule, nikashika shamba na ng'ombe, wadogo zangu wakasoma. Kwa hiyo nyumbani neno langu lilikuwa la mwisho.

Mama alikuwa na saratani ya mfuko wa mayai. Baada ya dripu ya tatu ya dawa ya saratani, daktari wa Moshi mjini alitupa tarehe ya kurudi apigwe picha ya tumbo, waone kama dawa inafanya kazi. Nikasema jibu tunalo. Kila wiki nilimpandisha kwenye mizani, na kila wiki kilo ziliongezeka. Nikamshindilia maziwa na mtori wa ndizi, nikajisifu kwa majirani kwamba dawa imemkubali.

Siku ile, mama akiwa juu ya mizani, Ndeshi aliniambia, "Kaka, tazama mikono yake. Kinachonenepa ni tumbo tu. Twende kwenye picha."

Nikamuuliza udaktari kausomea wapi. Mzee Elia akacheka.

Mama, aliyezoea kuniita Baba, akasema taratibu, "Baba, chakula hakishuki."

Tulipofika nyumbani nikamlazimisha amalize bakuli. Akatapika. Nikamgombeza! Mama yangu mzazi, mgonjwa, nikamgombeza kwa kutapika.

Tarehe ikapita. Tulipompeleka, alikuwa hapumui vizuri. Kilo zile zilikuwa maji yaliyojaa tumboni. Dawa haikuwa imefanya kazi, na daktari alisema angejua mapema angejaribu nyingine. Hakusema mama angepona.

Kwenye msiba wa mama, shangazi alitangaza kwamba Ndeshi ndiye aliyekaa na mgonjwa, ndiye aliyezembea tarehe. Mzee Elia alinitazama, akasubiri niseme. Nikanyamaza. Uchafu gani huu!

Nyie mnaouguza, msijipimie wenyewe. Mwulizeni daktari dawa inafanya kazi au la, na amejuaje. Tarehe ya picha msiiruke. Na mgonjwa akisema mwili wake haumwendei vizuri, mwaminini.

Juzi nilimwomba Ndeshi radhi, tukiwa wawili tu zizini. Aliendelea kukamua. Kisha akauliza, "Na watu wa ukoo utawaambia lini?"

Mpaka leo sijawaambia.