Rili ya Mashoto

Kraaaaa. Ulikuwa mlio wa kitambaa kigumu kinachochanwa na mkono wenye nguvu, kitambaa kisicho na mwisho. Mashoto aliusikia akiwa bado bi harusi mpya, siku alipompelekea shemeji yake chupa ya chai kule kwenye majabali ya ufukweni. Aligeuza shingo kutafuta nani anachana nguo baharini. Hakukuwa na nguo. Kulikuwa na fimbo ya kuvulia iliyojipinda kama upinde, shemeji aliyetanua miguu, na rili, kile kigurudumu kinachobeba mshipi, ikilia mikononi mwake huku samaki asiyeonekana akikimbilia kilindini. Kisha mshipi ukakatika, shemeji akaitukana bahari na ukoo wake wote, na Mashoto akamimina chai. Lakini ule mlio alirudi nao nyumbani, na haukumtoka tena.

Alikuwa fundi cherehani. Dirisha la chumba chake cha kazi lilitazama barabara, na sare za shule zilining'inia pale kama watoto waliosimamishwa mstarini. Jina la Mashoto alilipata darasa la kwanza, kwa sababu aliandika kwa mkono wa kushoto mpaka mwalimu alipomhamisha kwa rula. Alichoanza mwalimu, mkasi ulikimaliza. Mikasi yote aliyowahi kuishika ilitengenezwa kwa watu wa mkono wa kulia. Ukiushika kwa kushoto unatafuna kitambaa badala ya kukikata. Basi akajifunza kukata kwa kulia, kupiga pasi kwa kulia, kupunga mkono kwa kulia. Jina likabaki, ila lilikuwa limechakaa. Watu walimwita Mashoto bila kujiuliza kwa nini, kama vile mtu anavyoitwa Kadogo mpaka anaota mvi.

Watoto walipokwisha kuoa na kuolewa, na mkwe wake alipoizoea kazi kiasi cha kuachiwa dirisha, Mashoto aliweka kijiko chini mezani jioni moja akasema anataka fimbo yake na rili yake, avue kolekole majabalini. Mumewe, fundi rangi ambaye kucha zake zilionyesha daima nyumba ya mwisho aliyoipaka, aliuliza tu kama waende dukani kesho au keshokutwa. Shemeji, mdogo wake mume, alicheka mpaka akakiweka kikombe chini. Alieleza kwamba kolekole mkubwa ni fahali wa baharini, hashonewi kaptula. Atamvuta fundi wetu mpaka ng'ambo, alisema, na wenyeji wa huko watamkuta amekaa mgongoni mwa samaki akiuliza bei ya kitambaa.

Mashoto alingoja amalize kucheka, kisha akamwambia aweke sharti, maana maneno matupu hayavui samaki. Shemeji akaliweka. Mbele ya majabali kulikuwa na jiwe jeusi ambalo wavuvi wote walilijua; kolekole hupita nyuma yake, na anayerusha chini ya hapo huvua mwani. Kabla ya mwezi kwisha, Mashoto arushe chubwi, lile pande la risasi linalouvuta mshipi kwenda mbali, lilipite jiwe jeusi. Akiweza, shemeji atakaa dirishani pake kutwa nzima akishona vifungo, mtaa mzima umwone. Asipoweza, fimbo na rili ni za shemeji.

"Chombo kizuri kisife mjane," alisema.

Mashoto alikubali kabla mumewe hajameza tonge.

Duka la vifaa vya uvuvi lilikuwa chumba chembamba chenye harufu ya mafuta ya mashine. Fimbo zilisimama ukutani kama watu wanaongoja daktari. Shemeji alikuja nao bila kualikwa, akaishika moja kwa moja iliyo ndefu kupita zote. Mwenye duka, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, alimpita. Alimgeukia Mashoto.

"Dada, utasimama kwenye mchanga au kwenye jiwe?"

"Kwenye jiwe."

Basi hiyo ndefu irudi ukutani, alisema mwenye duka. Ndefu ni ya mchangani, mahali ambapo mtu ana nafasi ya kuizungusha na mawimbi ya kuyavuka. Juu ya jabali inakuwa mzigo, na samaki akifika miguuni inamshinda mwenyewe kumwelekeza. Akamletea ya kimo cha wastani, ya vipande viwili, ngumu kiunoni na laini kidogo nchani. Akamwonyesha palipoandikwa uzito wa chubwi inaloweza kurusha, akasema ukiipa jepesi haitaamka, ukiipa zito mno itavunjika. Mashoto aliipinda taratibu akiitazama inavyorudi. Aliipenda. Ilikuwa na tabia ya sindano nzuri: inakubali kupinda kidogo, lakini haisahau kunyooka.

Kuhusu rili, mwenye duka alitaka mambo matatu: iwe imefungwa vizuri maji ya chumvi yasiingie, ibebe mshipi mwingi wa kusuka, na breki yake iachie kwa upole. Breki ndiyo inayomruhusu samaki kukimbia na mshipi bila kuukata. Inayoshtuka shtuka itakukatia mshipi siku ile ile ya furaha yako. Akapanga rili tatu juu ya meza. Mashoto akamwomba avute mshipi wa kila moja, naye akafumba macho.

Ya kwanza ilikohoa. Ya pili ilinong'ona. Ya tatu ikasema kraaaaa, na Mashoto akafumbua macho yamejaa maji.

"Hiyo," alisema.

Shemeji alimnong'oneza kaka yake kwamba hajawahi kuona mtu akinunua rili kama anayenunua kasuku.

Wakamfungia vitu vyote, naye akaanza mazoezi kwenye uwanja mtupu nyuma ya shule. Hapo ndipo furaha ilipoanza kumchachia. Hendeli ya kuzungushia ilikuwa upande wa kushoto wa rili. Maana yake ilikuwa wazi: fimbo inashikwa na kurushwa kwa mkono wa kulia, hendeli inazungushwa kwa kushoto. Mashoto hakushangaa. Hakuna kifaa alichowahi kukishika ambacho hakikumwambia neno hilo hilo. Akashika kwa kulia, akarusha. Chubwi likaenda juu kama linatafuta ndege, likaanguka hatua chache mbele yake. Akarusha tena, likaenda kando. Siku ya tatu lilitua kwenye kamba ya nguo za mlinzi wa shule, likarudi na soksi. Shemeji, aliyepita pale kwa bahati ya kujitakia, aliipongeza kwa dhati soksi hiyo, akasema kwa uvuvi wa nchi kavu si haba, kisha akauliza kama rili inapakwa mafuta, asije akaipokea na kutu.

Mwezi ukasogea. Bega la kulia likamuuma mpaka akashindwa kunyanyua pasi. Usiku mmoja alimwambia mumewe amwite mdogo wake aje achukue vyombo vyake, yaishe. Mume alisema sawa, ila kwanza kesho amsindikize uwanjani, hajawahi kumwona akirusha.

Kesho yake alikaa kwenye gogo akimenya chungwa huku mkewe akirusha vibaya, tena vibaya, tena vibaya zaidi. Wakati huo kunguru akashuka, akaingiza mdomo kwenye mfuko wao wa chakula na kuondoka na kipande cha mkate. Mashoto alikuwa na hasira za mwezi mzima. Aliitupa fimbo chini, akaokota jiwe, akalirusha. Jiwe lilikata hewa, likapita uwanja, likapita ukuta, likaenda kugonga bati la mbali ambalo wote wawili hawakujua kama lipo. Kunguru aliachia mkate kwa heshima tu.

Mume aliacha kumenya.

"Mama watoto, jiwe umelirusha kwa mkono gani?"

Mashoto aliutazama mkono wake wa kushoto kana kwamba ni mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Sasa mbona fimbo huirushi kwa huo?"

"Hendeli iko kushoto. Nikishika fimbo kwa kushoto, nitazungusha kwa nini? Kwa meno?"

Mume aliokota fimbo, akampakia mkewe nyuma ya baiskeli. Walifika dukani mwenye duka akiwa anavuta mlango kufunga. Mashoto alianza kueleza kwa aibu, kama mtu anayemrudisha mchumba wa watu: rili haina kosa, kosa ni lake yeye, ana shoto. Mwenye duka alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichukua rili, akaifungua hendeli kwa kuizungusha kinyume, akatoa kifuniko kidogo upande wa kulia, akaichomeka hendeli huko, akakaza, akahamishia kifuniko kushoto. Ilikuwa kazi fupi kuliko kutunga uzi kwenye sindano.

"Zote za aina hii zinahamishika," alisema. "Pole, dada. Ningekuuliza siku ile."

Mashoto alisimama katikati ya duka, fimbo mkono wa kushoto, hendeli mkono wa kulia, akazungusha mara moja. Akazungusha tena. Aliwaza rula ya mwalimu, aliwaza mikasi yote iliyomtafunia vitambaa, na miaka yote aliyoihamisha mikono yake iende upande wa vifaa. Wala hakuwahi kuuliza kama kifaa nacho kinaweza kuhamia kwake. Akacheka. Alicheka njia nzima, amekaa nyuma ya baiskeli na fimbo imeelekea mbinguni, na watu wakapisha wakidhani ni msafara wa mtu mkubwa.

Siku ya mwisho ya mwezi shemeji alifika majabalini na begi tupu la kubebea fimbo. Bahari ilikuwa imeamka vizuri. Mashoto alitia chambo kwenye ndoana, akasimama juu ya jabali, akapeleka fimbo nyuma kwa mkono wa kushoto, akairudisha mbele kama anayekung'uta shuka. Chubwi liliondoka likiimba, likalipita jiwe jeusi, likaendelea kwenda kana kwamba halikuambiwa habari za sharti. Shemeji alihesabu pumzi zake, kisha akalikunja begi, akauliza kwa unyonge vifungo hivyo ni vya matundu mawili au manne.

Fimbo ilikuwa imeinama.

Kraaaaa.

Safari hii kitambaa kilichanwa mikononi mwake mwenyewe. Alitanua miguu. Mume alisema mwache akimbie, shemeji akasema mkaze, na yeye akawaambia wote wawili wanyamaze asikie. Samaki alikimbia, akapumzika, akakimbia tena. Breki haikushtuka. Mashoto aliinua, akashusha, akakunja. Akainua, akashusha, akakunja, na jasho likamtiririka puani bila mkono wa kulifuta. Wimbi lilipomleta kolekole miguuni, aking'aa fedha ubavuni, shemeji mwenyewe ndiye aliyeshuka kwenye ukingo, akalowa mpaka kifuani, akamshika mkiani na kumpandisha. Samaki alikuwa mrefu kama mguu wa suruali ya mwanafunzi wa darasa la mwisho. Walikaa kumzunguka wakicheka ovyo.

Baadaye, shati lake likikauka jabalini, shemeji aliomba ajaribu mara moja tu, kwa heshima ya vifungo atakavyoshona. Alipewa. Akaishika kama alivyozoea, kwa kulia, akaitafuta hendeli kwa kushoto, akapapasa hewa. Akabadili mikono, akarusha, na chubwi likaanguka chubwi, hapo hapo miguuni, likamrushia maji usoni. Akaigeuza rili huku na huku akiikagua.

"Shemeji, chombo hiki kimekaa vibaya. Kimepinda."

Mashoto aliichukua fimbo taratibu, akaifuta maji ya chumvi kwa upindo wa kanga, akaipakata upande wa kushoto.

"Hakijapinda," alisema, kwa sauti ndogo ambayo mawimbi yalikaribia kuimeza. "Ni changu."