Kikombe cha Mama Ukumbini

Mtaani walimwita Fundi Hewa, na wala hakukasirika. Maana, jamani, mtu mzima na akili zake anaacha kazi inayoeleweka ya kuchora mabango, anaanza kubeba vyombo vya watu na kuvipanga ukumbini, kisha anasema hiyo ndiyo sanaa! Kuchora alijua, tena sana. Ila alishikilia kwamba kitu ni kilekile. Ukikihamisha mahali, ndipo watu wanakiona.

Mama yake alipofariki, alibaki peke yake katika nyumba ya vyumba viwili. Meza ya jikoni hakuigusa. Kiti cha mama kilikaa vilevile kimesogezwa kidogo, kandambili zake chini, na kikombe chake cheupe kikiwa na mviringo wa chai iliyokaukia ndani, chai ya asubuhi ile ya mwisho. Miezi ikapita. Hatimaye akapiga moyo konde, akavipeleka vyote kwenye maonyesho, akavipanga kama vilivyokuwa na kuvizungushia kamba.

Dada yake mkubwa alipopata habari alikuja juu.

"Mama yetu unamwanika kama nguo?" alifoka kwenye simu.

"Njoo uone kwanza, dada. Ukiona utaelewa."

"Siji!" Akakata.

Tangu mazishi hakuwa amekanyaga kwa mdogo wake. Naye Fundi Hewa hakutaka sifa kutoka kwa dada, la hasha. Alitaka dada asimame naye pale kwenye kamba, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyekijua kile kiti.

Watu walikuja. Bwana mmoja mwenye miwani alisema kazi ile inahusu njaa. Mama mmoja akauliza kandambili zinauzwa wapi. Fundi Hewa akawajibu wote kwa adabu, akitabasamu hadi mashavu yakamuuma. Nyumbani vitu vile vilikuwa mama. Hapa, chini ya taa, vilikuwa chochote alichotaka mpita njia. Si ndivyo alivyotaka mwenyewe? Ndivyo. Basi mbona roho ilimuuma! Jioni alirudi kwenye jiko tupu akala amesimama.

Siku ya kufunga, dada akatokea. Fundi Hewa alifurahi hata akasahau kumwamkia. Dada alitazama meza, kisha kikombe. Mgeni mmoja akaaga, Fundi Hewa akamsindikiza mlangoni. Aliporudi, kikombe hakipo mezani, na dada anatoka msalani akikifuta kwa upindo wa gauni lake.

"Mama hakuwahi kuacha kikombe kichafu mbele za wageni," alisema. "Unamwaibisha, mdogo wangu."

Fundi Hewa akakichungulia ndani. Kikombe kilikuwa kinang'aa. Na lililomkata maini zaidi ni kwamba dada alisema kweli: mama angekiosha.

"Usininunie, kikombe tu hiki," dada akasema, sasa kwa upole. "Hebu niambie, siku hizi chai unakunywa na nani?"

"Na hicho."

"Na hiki?"

"Kila asubuhi, kabla sijakileta huku. Mimi upande wangu, chenyewe upande wake."

Dada akakitazama kikombe kilichotakata, akakishika kwa mikono miwili, asijue akiweke wapi.