Walioitwa Mashahidi

Mdogo wangu wa mwisho alipopata kazi ya kusoma habari kwenye redio ndogo ya mkoani kwetu, nilimwomba anitumie kila taarifa anayosoma. Niliacha shule darasa la sita, mama alipomfuata baba kaburini, ili yeye na dada yake wasiache. Sauti yake huwa naisikiliza kwenye treni ya metro, huku ughaibuni nchi ya Kiarabu, kutoka Muraqqabat hadi Marina, nikienda kutandika vitanda vya wageni hotelini. Mara nyingi nimefumba macho.

Asubuhi ile alisoma kwamba huko Gaza jengo la makazi lilipigwa bomu, na kwamba mashahidi, wengi wao wanawake na watoto, walitolewa chini ya kifusi. Nilifurahia matamshi yake. Zaidi ya hapo sikusikia kitu.

Anayetupikia sisi wafanyakazi ni Mpalestina mtu mzima, tunamwita Chefu. Shangazi yake aliishi katika jengo lile, na mwili wake ulikuwa umepatikana. Mchana aliponisimulia, nilikumbuka taarifa ile, nikamwekea sauti ya mdogo wangu. Hajui Kiswahili, lakini neno moja alilishika. Akaacha kupakua wali.

"Shuhada," alisema, mkono kifuani. "Mwambie nduguyo shukran. Wengine wanasema wamekufa tu, kana kwamba waliugua mafua."

Jioni dada yetu alinipigia kutoka nyumbani. Naye aliisikia habari ile, na alikuwa mchangamfu. Alisema afadhali safari hii watu wametolewa wazima. Nikamuuliza wazima gani.

"Si mashahidi? Shahidi ni mtu aliyeona, dada. Huyo yupo, hata mahakamani anaitwa."

Nilibaki nimeketi kitandani, viatu vya kazi miguuni. Majirani zetu Waislamu huenda walielewa kwamba ni watu waliouawa bila hatia. Sisi tuliokulia kwenye kwaya ya kanisa tulikuwa tumesikia habari njema.

Nikampigia mdogo wetu. Alisema habari aliitoa kwenye ukurasa wa Kiarabu, simu ikamtafsiria, akakuta neno analolijua, akapita nalo. Kosa alilikubali. Lakini kulisahihisha hewani hakutaka. Bado yuko kwenye majaribio, mhariri hapendi redio ijiumbue, hakuna msikilizaji aliyelalamika, na kesho watakuwepo wafu wengine. Hilo la mwisho lilinichosha kuliko vyumba vyote vya siku ile.

"Dada, ni neno tu. Unataka nifukuzwe kwa neno?"

"Sitaki ufukuzwe. Watu wamekufa, wewe umesema wametoka wazima."

"Wakinirudisha nyumbani utanilisha?"

"Nimekulisha. Nitakulisha tena. Sahihisha."

Alikata simu bila kuniaga, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Kesho yake taarifa ilikuja kama kawaida, bila salamu. Mwishoni, baada ya bei za mazao, alisoma: "Jana tulisema mashahidi walitolewa chini ya kifusi. Watu hao hawakuwa hai. Walikuwa raia, nao wameuawa." Chini ya sauti hiyo aliandika kwamba mhariri amemwita ofisini. Nikamjibu kwamba nimemsikia, na kwamba akitoka huko anipigie, vyovyote itakavyokuwa.

Chefu akaomba kusikia tena. Alisikiliza mpaka mwisho, akanitazama.

"Neno langu liko wapi?"

Nikamweleza kwa Kiarabu changu cha mashuka na taulo kwamba kwetu, kwa wengi, mtu huyo yuko hai, ameona tu. Akafuta ukingo wa sufuria ambao ulikuwa safi.

"Basi khalas, mlitoe," alisema. "Mmeweka lipi?"

"Wameuawa."

"Wamewawa."

Foleni nyuma yangu ikaanza kutuharakisha, yalla, yalla. Nilikuwa na njaa, na miguu ilinivimba. Nikaweka sahani yangu chini, nikamtamkia tena neno taratibu, silabi moja moja, naye akarudia.