Siku Niliyowatimua Kina Mama Kliniki

Aibu hii naisimulia kwa hasira, kwa hiyo msinicheke kabla sijamaliza. Ilikuwa miaka ile ruksa ya biashara imeshaingia, sabuni zimerudi madukani, mitumba kila kona, na mimi mwalimu wa biolojia nikaombwa niende kliniki ya Nguvumali kumtafsiria Dokta Rajabu, mtoto wa mtaa huo huo aliyekwenda kusoma Ulaya (akarudi na suti ya sufi, kwa joto hili la Tanga!), awaeleze kina mama kwa nini mtoto akichanjwa huchemka homa kisha ikapoa yenyewe.

Nikamwuliza, "Dokta, kwani Kiswahili huwezi?"

"Mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili," akasema, akanipa karatasi nizipitie kwanza. Nikazikunja nikazitia mfukoni (mwalimu mzima, nisomeshwe?).

Akaanza kwa Kiingereza. Habari za askari wa mwili nikazitafsiri vizuri, kina mama wanaitikia. Halafu akaingia ndani ya seli: kwamba askari akishaamka, hubandika kijialama kwenye protini zile zile zilizomwamsha, zikavunjwe, atulie, asije akaushambulia mwili wenyewe. Haya nimeyajua baadaye. Siku ile sikuelewa hata nusu, na badala ya kusema sikuelewa nikapaza sauti: "Wakishaamka wanapigwa chapa, halafu wanapelekwa kuvunjwa!"

Bi Mwanakombo, mjukuu mgongoni, akainuka. "Nani apigwe chapa, mwalimu? Huyu? Kama ng'ombe?"

"Siyo ya moto, bibi, ni ya ndani kwa ndani, haionekani," nikasema, na hapo ndipo nikaharibu kabisa, maana isiyoonekana inatisha zaidi. Mmoja akapiga yowe, mwingine akamnyakua mwanawe mikononi mwa muuguzi, mabenchi yakapinduka, nami nikakimbilia mlangoni kuwazuia nimetanua mikono, wakadhani nawakamata, nikala kandambili ya uso.

Ndipo Dokta Rajabu akasimama, akasema kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka, "Mama zangu, rudini! Ni askari anajizima mwenyewe, mtoto havunjwi!"

Kumbe yanasemeka! Damu ikanipanda kichwani. "Ulimi huo ulikuwa umeuficha wapi?" nikamfokea mbele ya watu.

Akanitazama. "Na karatasi nilizokupa?"

Waliobaki wakaangua kicheko, na muuguzi naye.

Bi Mwanakombo hakurudi. Wiki mbili nilikuwa kiguu na njia nyumbani kwake, shikamoo yangu ikijibiwa kwa marahaba ya puani, mlango nusu, nami nahesabu siku anazokaa mtoto yule bila chanjo kwa ajili ya kiburi changu. Alipokubali alinibebesha mjukuu mwenyewe, mchana kweupe, mtaa mzima unatazama, na sindano ilipoingia akanishika mkono kwa nguvu akasema, "Akidhurika, mwalimu, nitakujua wewe."

Hakudhurika. Lakini Dokta sijamsamehe, na mimi mwenyewe ndiyo kabisa. Tangu siku ile nisichokielewa nasema sikielewi, hata mbele ya waziri, na anayetaka kucheka sasa na acheke.