Nilivyokufa Mara Moja kwa Ajili ya Tumbo la Mama

Nimeigiza vitu vingi shuleni. Mlevi, bibi harusi, hata mbuzi wa kafara. Lakini sifa zangu zote kijijini kwetu Heru Juu zinatokana na siku moja ya wazazi mwaka jana, 2014, nilipoigiza bakteria.

Wakati ule mama alikuwa anateswa na tumbo. Likimnyonga anakimbilia choo cha nyuma, likitulia anaanza kulalamikia magoti. Dawa yake ilikuwa vidonge vya rangi mbili vya dukani. Mtaani kwetu vidonge hivyo watu wanaazimana kama chumvi: ukihara unapewa viwili, ukipona unarudisha. Na benki yenyewe ilikuwa kopo la mama. Daktari mmoja kijana wa Kasulu alimpima, akamwambia utumbo umevimba na vidonge vile aache. Mama akarudi amenuna. "Kale katoto ndiko kanifundishe tumbo langu?"

Nikampelekea kesi madam wetu wa baiolojia. Akaniambia tumboni tuna bakteria wengi kuliko tunavyofikiri, na wengi ni watu wema. Wanakula nyuzinyuzi za maharage na mboga, wanautunza ukuta wa utumbo, wanaizoesha kinga ya mwili isipigane ovyo. Ukiwaua hovyo kwa vidonge kama vile vya mama, wahuni wanachukua nafasi, kinga inapagawa, ukuta unavimba. Wakati mwingine vurugu inafika mpaka kwenye viungo.

"Madam, hilo ni igizo kabisa," nikasema.

"Utumie lugha ya heshima."

"Choo nitakiita choo, madam."

Basi siku ya wazazi wenzangu walishikana mikono wakawa ukuta wa utumbo. Kinga ya mwili walikuwa askari wenye mabua ya mahindi. Mimi bakteria mwema, nimejipaka majivu, nafagia utumbo huku napiga mluzi. Akaingia jamaa mrefu kuliko wote, juu mwekundu, chini njano. Kidonge! Hakuuliza nani mwema nani mbaya, akatulamba mitama wote. Wahuni wakaingia wanacheza, askari wakapandisha mzuka wakaanza kuutandika ukuta wenyewe, na ukuta ukalia kweli maana mabua yale hayakuwa mchezo. Nami nikafa. Nilikufa vizuri sana, kwa kujinyonganyonga, wazazi wakagonga meza.

Ndipo mama akasimama katikati ya watu.

"Madam, samahani. Sasa mimi si nimeshawamaliza wote?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mama hakucheka. Nilimwona anashika tumbo lake kama anapapasa mtoto mgonjwa. Maiti haijibu, hilo najua, lakini huyu alikuwa mama yangu. Nikainua kichwa.

"Tumebaki wachache, mama! Tuletee maharage!"

"Yewe, kumbe mfu anasikia njaa!" mzazi mmoja akapiga kelele.

Madam alisubiri watulie, akamjibu mama kwa upole kwamba wanarudi polepole, na kwamba dawa si adui: ipo siku inahitajika, ila daktari ndiye aseme, na ukianza umalize.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na majivu yangu. Mama alinitangulia mpaka dukani. Mwenye duka alipomwona tu, mkono ukaenda wenyewe kwenye boksi la vidonge.

"Karibu mama. Vile vya kila siku?"

Nikamkodolea mama macho.

"Sichukui," mama akasema. "Kesho narudi kwa daktari. Nipimie maharage, yale ya njano."

"Leo kuna nini? Nani kakuchanganya?"

Mama akanisukuma mbele, majivu usoni, shati nje.

"Huyu hapa. Bakteria. Nimemzaa mwenyewe."

Nilisimama pale dukani nimevimba kifua. Mfuko wa maharage nikaubeba mimi, na kwa mara ya kwanza sikulalamika kwamba ni mzito.