Kabla Hujanawa Mikono

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu, nikiwa kijana mwenye nguvu na mjuaji wa kila kitu, nilikaa ndani ya nyumba hii hii tuliyomo nikapewa firigisi ya kuku. Firigisi ile ndiyo iliyoniponza. Unacheka? Haya, cheka, mimi nilishamaliza zamani.

Wewe mtoto wa jirani yangu umeniambia umepata nyumba Vwawa ya kumhamishia mama yako, na kwamba mwenyewe amekualika chakula Jumapili ili mmalizane. Umeniambia kwa furaha kabisa. Ni hilo neno chakula lililonifanya nikuambie ukae.

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa kuli hapa mpakani, napakua na kupakia malori ya Zambia. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alibaki peke yake Iyula, kwenye kibanda cha nyasi kilichovuja kila kona, na mvua ikinyesha alihamisha mkeka wake huku na huku usiku kucha. Nilikuwa na nia moja tu duniani: mama alale chini ya bati kabla hajafa. Sikutaka kingine. Mke wangu Eliza alinielewa, tukajinyima, tukavaa viraka.

Ndipo kuli mwenzangu, Simbeye, akasema anauza nyumba yake ahamie ng'ambo, Nakonde, kwa ndugu zake. Enzi hizo ardhi ilikuwa ya taifa, huwezi kuuziwa ardhi. Ulichouziwa ni kuta na bati lililo juu yake. Sasa pima akili yangu, mwanangu: mtu ananunua kuta, halafu kuta zenyewe hazitazami!

Si kwamba sikuonywa. Nilimpelekea salamu mjomba wangu Halinga, kaka yake mama, aliyekuwa fundi wa kujenga huko Iyula. Akamtuma kondakta wa basi aniambie, "Anisubiri. Asikubali kitu mpaka nije niichokonoe." Mjomba alikuwa na chuma chake chembamba, amekinoa ncha. Akiingia kwa mtu, hata salamu hazijaisha, yeye yuko chini kwa magoti anachokonoa ukuta pale unapokutana na ardhi. Watu walimsema sana kwa tabia ile. Kwetu huku ukionekana unachimbachimba kwenye nyumba ya mwenzio, ujue watauliza unazika nini. Nikaona haya. Simbeye rafiki yangu, tumebeba magunia pamoja, leo nimletee mzee wa kumchimbua? Aa, wapi! Sikumsubiri.

Nilipofika, Simbeye alinipokea mlangoni, birika la maji ya kunawa likiwa mkononi. Sijavuka hata kizingiti. "Karibu ndugu yangu, tule kwanza. Nyumba haina miguu, haitakimbia." Balozi wetu wa nyumba kumi, aliyeitwa awe shahidi, alikuwa ameshakaa mkekani na tonge mkononi. Mke wa Simbeye, Mama Neema, akaleta kuku, na firigisi nikawekewa mimi, mbele ya balozi. Ee bwana, nikajiona mtu.

Tuliposhiba ndipo tukaizunguka nyumba. Kuta nyeupe, chokaa bado inanukia. Tukafika nyuma. Pale kulikuwa na kuni zimepangwa kwa ustadi, zimeuziba ukuta wote wa chumba cha nyuma mpaka karibu na bati, na katikati yake magogo manene yameinamia ukutani. Nikafikiri, mama huyu mchapakazi kweli. Halafu ikanijia nimwambie Simbeye asogeze zile kuni nione ukuta. Nilifungua mdomo, mwanangu, nakuambia nilifungua mdomo. Lakini vidole vyangu vilikuwa bado vinanuka mchuzi wake. Utamlaje mtu kuku wake, halafu umwambie toa kuni zako nione unaficha nini? Nikasema, "Nyumba nzuri." Simbeye akasema, "Na kuni zote nawaachia." Nikamshukuru sana, nikalipa, balozi akatuandikia.

Mama Neema alinisindikiza mpaka njiani. Akaniambia polepole, anatazama pembeni, "Shemeji, mama akija asilale chumba cha nyuma. Kuna baridi." Mimi nikacheka, nikamwambia mama amezaliwa kwenye baridi ya Mbozi, haogopi.

Mama akaja. Alivyofurahi! Alikuwa anatoka nje mara kwa mara kulitazama bati, kisha anarudi ndani anacheka peke yake. Chumba cha nyuma alikichagua mwenyewe, kwa sababu kelele za malori hazifiki. Na zile kuni tulizipikia kiangazi chote. Zilipoisha, tukaingia kwenye magogo. Niliyapasua mimi mwenyewe kwa shoka, moja baada ya jingine, na mama akayapikia maharage. Chini ya ukuta palikuwa na udongo mpya uliokandikwa. Eliza akaniuliza mbona pale pana rangi nyingine. Nikamwambia ni unyevu wa kuni.

Masika ikaingia. Mvua ikanyesha siku kadhaa bila kukatika, maji yakawa yanashuka kutoka mlimani na kukusanyika nyuma ya nyumba. Mimi niko mpakani, Eliza yuko sokoni. Mchana mama alijinyoosha kitandani kama kawaida yake. Ukuta ukamwangukia.

Nipe kidogo nipumue.

Mjomba Halinga alikuja kumzika dada yake. Hakunifokea. Watu wanalia, yeye akaenda nyuma ya nyumba, akapiga magoti kwenye tope, akatoa chuma chake. Akachokonoa ardhi hapa, akachokonoa pale, kisha akaniita.

"Haya mashimo yalikuwa ya magogo ya kuegemeza ukuta. Ulikuwa unalowa huu, miaka mingi. Magogo yako wapi?"

"Tumeyapikia, mjomba."

Akakifuta chuma tope kwa kiganja. Kisha akauliza, "Siku ulipokuja kuiona nyumba, uliizunguka kwanza au ulikula kwanza?"

"Nilikula."

"Basi," akasema. Neno hilo tu. Akanipa chuma chake, akarudi msibani, na mpaka anakufa hakulitaja tena.

Simbeye aliitwa mbele ya balozi. Akaja kutoka ng'ambo, amekonda, anatazama miguu yake. Akasema, "Hakuniuliza. Angeniuliza ningemwambia." Nikamgeukia balozi, shahidi wetu. Balozi akakohoa, akasema hakuna lililoandikwa kuhusu ukuta. Yeye naye alikula. Mama Neema alikaa chini akalia, akasema, "Shemeji, mimi nilikwambia kuna baridi." Aliniambia, ndiyo. Aliniambia kwa adabu mpaka sikusikia.

Kinachonikaba mpaka leo, mwanangu, ni hiki: hata angenieleza ningeinunua. Wallahi ningeinunua! Angesema tu, "Ukuta wa nyuma unalowa masika, hayo magogo usiyatoe, na mtu asilale humo." Basi. Ningemlaza mama chumba cha mbele, ningeujenga upya ukuta kiangazi kilichofuata. Alikuwa anaogopa nini? Kwa kuogopa kusema maneno hayo machache, akaniacha nipasue kwa shoka langu kitu kilichokuwa kinamshikilia mama yangu.

Usidhani nitakuambia ukweli unalipa. Mimi haujanilipa kitu. Nimetaka kuiuza nyumba hii mara nyingi. Kila anayekuja namzungusha nyuma kwanza, namwonyesha maji yanakopita, namweleza aliyefia humu. Wanasikiliza, wananipa pole, wanaondoka. Eliza alitaka tuhame, akaniomba sana, na amekufa tukiwa humu humu. Nami nitafia humu. Wakati wa masika silali, nasikiliza ukuta nilioujenga upya. Lakini hakuna mtoto wa mtu atakayenunua nyumba hii bila kujua, na hilo ndilo pekee nililobaki nalo.

Kwa hiyo sikia. Jumapili nenda, ila nenda asubuhi, kabla sufuria haijabandikwa. Ukiletewa maji ya kunawa, sema asante, bado. Nenda na fundi asiyekuwa ndugu wala rafiki wa muuzaji. Mwombe mwenye nyumba asogeze kabati, mkeka, kuni, chochote kilichoegemea ukuta. Akinuna, anune. Muulize masika maji yanapita wapi, na jibu likiwa nusu usiondoke, uliza tena mpaka akutajie. Waulize na majirani, hasa wanawake, maana wao ndio wanaofagia nyuma ya nyumba. Na siku ukiuza wewe, taja ubovu kwa jina lake. Usiseme kuna baridi. Sema ukuta umeoza, hata mnunuzi akiondoka, hata ukibaki na nyumba yako mpaka uzeeni kama mimi.

Shika, hiki ndicho chuma cha mjomba. Mungu akupe nyumba ambayo mama yako atalala mchana na kuamka jioni akuulize umekula nini. Akupe muuzaji asiyekuogopa, na wewe akupe mdomo wa kuuliza mapema. Nasikia vyombo huko jikoni, mjukuu wangu anapakua. Kaa mbali na birika kwanza. Zunguka nyuma, anza na ukuta huu wangu, chokonoa mpaka uridhike, ndipo uje tule.