Mkataba Mmoja wa Mafagio

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Mimi mwenyewe, mjane wa mtu wa reli, mfunga mafagio. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tuliyekuwa tukifunga naye barazani kwangu Isevya, hapa Tabora mjini. Shoga yangu wa Ipuli, Mmoraviani, tuliyefahamiana naye mbugani tukikata majani. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, ambaye hakuitwa na mtu lakini alikuja. Wakubwa wa ofisi za mkoa walikaa safu ya mbele: wa hospitali, wa mahakama, wa shule, na wengine. Na mezani alikaa afisa ugavi mgeni kutoka Dar es Salaam, Mzaramo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zama za misafara, babu zetu wakishuka pwani na mizigo.

Majina yao yote ninayo kichwani, mpaka majina ya watoto wao na ya wakunga waliowapokea. Siyaandiki. Wengine wamelala, wengine wana wajukuu wenye vyeo, na mimi sitaki mtu aje kunigongea mlango.

Ninaandika kwa sababu ya mjukuu wangu. Yuko serikalini, kazi yake kompyuta. Juzi alikuja likizo akanieleza, kwa sauti ile ya kumweleza mtoto, kwamba siku hizi ofisi za serikali hazinunui programu kila moja kivyake. Unafungwa mkataba mmoja na wenye kuuza, bei moja, halafu kila ofisi inachukua humo kadiri inavyotaka. "Ni utaratibu wa kisasa, bibi," akaniambia. Nikamwambia wa kisasa ni wewe. Huo utaratibu nimeushika kwa mikono yangu kabla mama yako hajaota meno.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, kila mtu ndugu. Ndugu karani, ndugu dereva, ndugu mwenyekiti. Mimi nilikuwa nimesoma darasa la pili tu, hizi herufi nyingine nilizipata baadaye kwenye kisomo cha watu wazima. Mume wangu alikuwa amefariki. Nilipotoka eda, shemeji yangu alikuja kuniambia chumba cha Isevya nikiache, nikakae kwake kijijini, nyuma ya nyumba ya mke wake. Hakusema nikakae kama nani. Nilijua kama nani. Nikamwambia nitakaa hapahapa nilipo.

"Utakula nini?" akaniuliza.

"Nitakula mafagio, shemeji."

Na kweli nilikula mafagio. Tulikuwa tunakata majani laini mbugani mvua zikikatika, tunayaanika, tunayafunga kwa kamba ya katani: hayo ni ya ndani. Ya uwanja tulifunga kwa fito. Kila mwanamke alikuwa na ofisi yake. Mimi hospitali, shoga yangu mahakama, wifi yangu shule. Hakuna aliyeandikiana mkataba na ofisi. Unakwenda asubuhi na mzigo kichwani, unapiga shikamoo, unabishana bei na mtunza stoo, unarudi na pesa ya kodi. Na ofisi ya mwenzio huigusi. Shoga yangu aliwahi kuninunia kwa sababu tu nilionekana nikisalimiana na karani wa mahakama.

Basi hospitali ndiyo ilikuwa chumba changu. Hospitali ikikatika, mimi ni wa nyuma ya nyumba ya shemeji. Hilo nililijua mimi, na yeye alilijua.

Habari tulizipata kwa mhudumu wa stoo. Mkoa unafunga mkataba mmoja wa vifaa vya usafi kwa ofisi zote. Akili ilikuwemo, sikatai. Hospitali ilinunua fagio kwa bei hii, shule kwa bei ile, na ofisi nyingine zilinunua mafagio ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaona. Sasa bei ingekuwa moja na muuzaji mmoja, kila ofisi ikiagiza kwake. Muuzaji mwenyewe alikuwa tajiri mmoja wa Dar es Salaam, atakayeleta mafagio ya njiti za mnazi kwa treni. Wiki ile kulikuwa na mkutano wa kuwaeleza wakubwa wa ofisi. Sisi hatukualikwa. Tukaenda.

Afisa alikuwa kijana nadhifu, mpole, sitamsingizia. Alivua kofia yake ya pama akaiweka mezani, akaeleza vizuri. Mwenye kuingia kwenye mkataba lazima ahudumie ofisi zote za mkoa, mpaka zahanati ya Ulyankulu, kule kwa wakimbizi wa Burundi. Akalinyanyua fagio la mfano, jipya, limefungwa kwa waya. Akauliza kama kuna swali. Wakubwa wa ofisi wakaanza kutazama mlango, wanataka kwenda kula. Mimi nikasimama.

"Ndugu afisa, fagio lako hilo linatokana na nini?"

"Na mnazi, mama."

"Hapa Tabora umeona minazi?"

"Sijaona. Ndiyo maana linakuja kwa treni."

"Kwa hiyo nyumba ya Mnyamwezi isifagiwe mpaka Mzaramo amalize kula nazi?"

Ukumbi ukacheka. Na yeye, kwa kuwa alilelewa na watu, alijua kilichoanza hapo. Akaegemea kiti.

"Mtani, kumbe ni wewe! Babu yako alifika kwetu na pembe kichwani, shingo imezama mabegani, tukampa maji ya kunywa. Leo unaninyima kula nazi?"

"Mlimpa maji mkamtoza ushuru wa kisima. Tena mkamuuzia shanga zilizotoboka upande mmoja."

"Aliyezinunua alikuwa na macho?"

"Alikuwa nayo. Yaliingia mchanga wa kwenu, kwa kuwa hamjui kufagia."

Hapo hata mkubwa wa mahakama, mtu asiyecheka, alijifuta machozi. Na mimi nikafika mezani nikaichukua ile kofia ya pama, nikaivaa juu ya kanga yangu.

Walio wageni wa mambo haya niwaeleze. Mtani akikamata kitu chako hukasiriki, wala hujaibiwa. Unakikomboa. Unatoa chochote, mnacheka, mnaachana. Afisa akaingiza mkono mfukoni akanitolea shilingi.

"Kikomboleo hicho mtani, nipe kofia, jua kali."

"Sitaki shilingi yako."

"Unataka nini?"

"Mstari mmoja kwenye hiyo karatasi. Tuandike na sisi."

Kicheko kikakatika. Alinitazama akaona nimesimama palepale na kofia kichwani, sichezi. Akakaa sawa.

"Mama," akasema, na ile mtani ilikuwa imeondoka, "utani una mahali pake. Una misiba, una harusi. Hapa ni kazi ya serikali."

"Na mimi nakwambia hapa ni msibani. Ukiifunga karatasi hiyo bila sisi, mimi nimezikwa. Mtani ndiye mchimba kaburi, kazi hiyo ni yako kwa mila, sikuzuii. Lakini maiti wako anasema hajafa."

Shemeji yangu akainuka nyuma. "Ndugu afisa, mvumilie. Huyu ni mjane wetu, hana wa kumsimamia. Nitamchukua nyumbani, hatawasumbua tena."

Kabla sijageuka, wifi yangu alishajibu. Kumbukeni ni dada yake wa tumbo moja. "Kaa chini wewe! Hana wa kumsimamia, amelala? Si huyo amesimama? Na uwanja wako unafagiwa kwa fagio nililolifunga mimi, hata nauli ya kulileta hukunipa."

Akakaa.

Afisa akasubiri watu watulie. Aliuliza swali lake bila dharau, na lilikuwa swali la haki. Kila mmoja wetu ana ofisi moja. Mkataba ni wa ofisi zote. Nani kati yetu anaweza kuzihudumia zote? Hapo ndipo pangenifungia mlango, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa hakuna. Tulikuwa tunanuniana kwa salamu, seuze kuchanganya kazi. Nikamtazama shoga yangu wa Ipuli. Yeye alikuwa na mume, na mahakama ilimpenda, angeweza kukaa kimya akatafuta njia yake ya uani.

Akasimama. "Mahakama ni yangu," akasema, "lakini kuanzia leo si yangu. Tuandike kikundi. Majani ya mbugani hayana jina la mtu."

"Na Ulyankulu mtafikaje?" afisa akamuuliza.

"Lori za tumbaku zinakwenda kule kila msimu, zinakwenda tupu. Au fagio la Mzaramo ndilo linalojua kupanda lori peke yake?"

Wakacheka tena, afisa naye akacheka kidogo, akashika kalamu. Alituambia kwamba mkataba wa pamoja haukatazi majina mawili. Unaweza kuwa na wauzaji wawili kwa bei ileile, kila ofisi ikachagua yupi imwagize. Ila hajawahi kuona watu wakihangaika hivyo kwa ajili ya mafagio. Nikamwambia tangu azaliwe hajawahi kulala njaa kwa ajili ya fagio, ndiyo sababu. Masharti yake yalikuwa magumu: bei ni ya yule tajiri, ambayo ilikuwa chini ya yetu, na muuzaji atakayeshindwa kufikisha mzigo kwenye ofisi yoyote iliyomwagiza anafutwa, yeye au sisi. Tukakubali. Aliandika jina la kikundi, tukaweka dole gumba. Ndipo nikamvulia kofia, nikaifuta vumbi kwa upindo wa kanga, nikampa kwa mikono miwili, nikampigia goti. Heshima yake nilimpa. Sikumpa kabla.

Baadaye watu wa mjini walisema nimeharibu utani, nimeutumia kupata mali. Wazee wawili walikuja barazani kunionya kabisa. Niliwauliza: babu zetu walipotaniana njiani na watu wa pwani, walikuwa wanacheza? Walikuwa wanatafuta kupita salama na mizigo yao. Na mimi nilikuwa na mzigo wangu nataka kupita. Wakanywa uji wangu wakaondoka.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko maneno. Bei ya chini ilitulazimu kufunga mengi, na mafagio yote yaliingia rundo moja, halijulikani la nani. Wanawake waligombana. Shoga yangu alisema mafundo ya wifi yangu yanalegea, wifi yangu akasema Wamoraviani wanafunga fagio kama wanafunga mtu. Nilikwenda Ulyankulu mwenyewe juu ya lori, nimekalia mafagio. Mama wa Kirundi aliyefagia zahanati hakunielewa Kiswahili changu wala mimi Kirundi chake. Alilichukua fagio, akafagia chumba kizima mbele yangu, akaliegemeza ukutani, akanipa kiti.

Wala msidhani ofisi zote zilituchagua. Mahakama ilitutaka, hospitali ilitutaka, Ulyankulu ilitutaka. Shule, ofisi ya wifi yangu miaka yote, ilichukua ya mnazi, eti yanafaa zaidi kwa uwanja wa mchanga. Niliumia. Lakini ndivyo mkataba ulivyosema, kila ofisi na hiari yake, na hiari hiyo tuliidai sisi wenyewe. Wifi yangu hakulia. Alisema atawafungia fagio la uwanja la fito lenye kuwatoa roho msimu ujao. Akalifunga, wakalikataa tena.

Habari za shule zilimfikia shemeji yangu, zikamfikia zikiwa zimenenepa: kwamba mafagio yetu yamekataliwa. Siku moja alikuja na mkokoteni wa ng'ombe, amekunjua na turubai, akausimamisha mbele ya baraza.

"Shemeji, nimekuja kuchukua vitu."

"Vitu gani?"

"Vyako. Tusiaibishane, watu wanatazama."

Walikuwa wanatazama kweli, majirani wote wa Isevya. Mimi nilikuwa nimekaa katikati ya mzigo wa hospitali, mafagio yamefika kwenye dari ya baraza, na aliyeahidi kutusaidia kuubeba alikuwa hajatokea.

"Umefanya vizuri kuja na mkokoteni," nikamwambia. "Hospitali wanasubiri mzigo huu kabla ya adhuhuri, na nisipoufikisha nafutwa. Wifi, shika huko, mpandishie kaka yako."

Wifi yangu akaanza kupakia. Majirani nao wakaja kupakia, wanacheka. Shemeji alishika nira, mdomo wazi, mpaka turubai lake lenyewe likafungwa juu ya mafagio.

"Na ukifika," nikamwambia, "sema umetumwa na kikundi."

Akaenda. Na najua mzigo ulifika, kwa sababu hospitali ilituagiza tena, na mimi chumba kile nilikaa mpaka nilipojenga changu.

Sasa kama yuko aliyekuwa pale, au mtoto wake, akaona nimeweka maneno ya mmoja kinywani mwa mwingine, au kama mkubwa wa shule alikataa mara moja tu na si mbili, anieleze. Mimi ni mzee, nitasahihisha na shukrani nitatoa. Lakini asije mtu kunisahihisha kwamba tulipewa ile nafasi. Huyo nitamsikiliza mpaka mwisho, nimpe na uji, halafu nimwambie arudi kwao akaulize vizuri.